Protini za bakteria kama ajuvanti ya chanjo za virusi vya mifugo: flajelini, LTB na mitego yake

#1 – Mbiu_ya_Mgambo

Wakuu, swali la protini za bakteria kama ajuvanti linarudi kila mara kwenye nyuzi za chanjo na kila mara linajibiwa nusu nusu. Tulimalize humu.

Kwa wageni: ajuvanti ni kitu kinachotiwa kwenye chanjo pamoja na antijeni (virusi au kipande chake ambacho mwili unafundishwa kukitambua) ili mwili wa mnyama uitikie kwa nguvu zaidi. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo; antijeni ndiyo jambo, ajuvanti ndiyo mbiu. Virusi hai vya chanjo hujipigia mbiu vyenyewe kwa sababu vinazaliana ndani ya seli. Virusi vilivyouawa (miguu na midomo, mafua ya ndege, mdondo wa sindano) hupiga mbiu hafifu. Kipande kilichosafishwa, kama protini E2 ya BVD (virusi vya kuhara vya ng'ombe), kapsidi, yaani ganda, ya PCV2 (virusi vya nguruwe) au protini VP2 ya Gumboro, mara nyingi hupita kimya kabisa.

Mafuta na alumini hufanya kazi kwa kushikilia antijeni pale ilipochomwa na kuwasha uvimbe mdogo. Protini za bakteria zinapita njia nyingine: zinashika kipokezi maalumu kwenye seli za mnyama. Zinazofaa kujadiliwa kwa uzito ni hizi.

Flajelini, protini ya mkia wa bakteria, inashika kipokezi cha TLR5. FliC ya Salmonella Typhimurium ndiyo inayotumika sana, ina uzito wa karibu 51 kDa (kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini). Ina sehemu nne, D0 hadi D3. Mahali TLR5 inaposhika ni D1, na D1 haifanani na D3 kwa thamani: D3 unaweza kuikata ukapachika kipande cha virusi mahali pake, D1 ukiigusa umeua ajuvanti. Na si flajelini ya bakteria yeyote tu. Ya Campylobacter na ya Helicobacter pylori hazionwi na TLR5, ndivyo wadudu hao wanavyojificha. Usizichague.

LTB, sehemu B ya sumu ya E. coli inayoharisha, na ndugu yake CTB ya kipindupindu. Ni vipande vitano vilivyoshikana duara, kila kimoja karibu 11.6 kDa, na duara hilo linashika mafuta ya GM1 kwenye uso wa seli. Zinafaa hasa njia ya mdomo na pua, kwa kinga ya IgA (aina ya kingamwili) kwenye utando.

Zipo nyingine: Hsp70 ya mycobacteria, porini za Neisseria, lumazini sinthasi ya Brucella (duara mbili za tano tano, nzuri kama kibebeo), na Omp19 isiyo na mafuta, ambayo kwa njia ya mdomo inazuia vimeng'enya vya tumbo visikate antijeni. Lakini maswali mengi yanahusu mbili za kwanza, nitabaki hapo.

#2 – Kondoo_Mweupe

Asante mkuu. Swali la mtu wa uwandani: mafuta yanafanya kazi. Kwa nini tujisumbue na protini ya bei na ya friji?

#3 – Mbiu_ya_Mgambo

Swali halali. Kama chanjo yako ya mafuta inalinda miezi unayotaka na mnyama hapati uvimbe wa kukukwamisha, usibadilishe kitu.

Protini inaingia pale mafuta yanapogoma. Kwanza, unapotaka kupunguza antijeni kwa dozi, maana kwenye miguu na midomo antijeni ndiyo gharama kubwa. Pili, unapotaka kinga ianze mapema. Tatu, unapohitaji kinga ya utando wa pua au utumbo, ambayo sindano ya mafuta shingoni haitoi vizuri. Nne, unapotaka mwitikio wa seli, si kingamwili peke yake.

Halafu, hakuna sheria inayosema uchague moja. Flajelini ndani ya sehemu ya maji ya emulsheni ya mafuta ni mpango wa kawaida tu. Hesabu ya hapo huwapotosha watu: dozi ikiwa 2 ml na mafuta yamechukua takribani nusu, sehemu ya maji ni karibu 1 ml. Ukitaka 50 µg kwa dozi, maji yako yawe na 50 µg kwa ml, si 25. Changanya kwa nguvu ndogo. Kichanganyaji cha kasi kinatengeneza povu, na protini ikikaa kwenye mpaka wa hewa na maji au mafuta na maji inajikunjua. Ukiona povu jeupe limebaki juu ya chombo, ujue sehemu ya ajuvanti yako iko humo na haitarudi.

#4 – ChujioSafi

Naongeza upande wa maabara, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika kabla mnyama hajaguswa.

Zalisha FliC ndani ya E. coli BL21(DE3), aina ya maabara, ikiwa na lebo ya histidini ya kuinasia. Kuza kwa 37 °C mpaka OD600 (kipimo cha wingi wa bakteria) ifike 0.6, shusha joto hadi 20–25 °C, tia IPTG (kichocheo cha kuanzisha uzalishaji) 0.5 mM, acha usiku kucha. Ukiacha kwenye 37 °C protini nyingi inakwenda kwenye mashapo. Vunja seli, pitisha kwenye safu ya nikeli, osha na imidazoli 20 mM, toa na 250 mM. Kisha dayalisisi (kuchuja kwa utando ndani ya bafa) mara mbili kuondoa imidazoli.

Sasa mtego mkubwa: endotoksini. E. coli ana LPS, ndiyo endotoksini yenyewe, kwenye ukuta wake, na LPS ni mbiu kali kupitia kipokezi kingine, TLR4. Fanya hesabu. Protini iliyotoka moja kwa moja kwenye safu ya nikeli inaweza kubeba mamia ya EU (vizio vya endotoksini) kwa kila mikrogramu. Tuseme 500. Dozi ya 50 µg inakuwa 25,000 EU, na kwa kuwa nanogramu moja ya LPS ni takribani 10 EU, umemchoma mnyama kama 2.5 µg za LPS. Halafu unaandika kwamba flajelini imefanya kazi. Iliyofanya kazi ni nini?

Safisha kwa Triton X-114, aina ya sabuni ya maabara:

– Poza protini kwenye barafu, tia Triton X-114 ifike 1–2%, zungusha taratibu 4 °C dakika 30.
– Peleka 37 °C dakika 10. Dawa hii inajitenga na maji juu ya takribani 22 °C, utaona maji yamekuwa kama maziwa.
– Sentrifuji IKIWA NA JOTO, 25 °C au zaidi. Mashine ikiwa baridi matabaka yanarudi kuchanganyika na umepoteza nusu saa.
– Chukua tabaka la juu, liache la chini lenye mafuta mafuta. LPS iko humo.
– Rudia mara tatu. Mara moja haitoshi.
– Ondoa Triton iliyobaki kwa shanga za kunyonya, vinginevyo itavunja emulsheni yako baadaye.

Pima kwa LAL, kipimo cha endotoksini. Lengo langu ni chini ya 0.1 EU kwa µg. Kwa dozi ya 50 µg ni 5 EU tu. Njia nyingine ni kuanza na aina ya E. coli iliyobadilishwa LPS yake isiwashe TLR4. Inakua polepole zaidi, lakini inakupunguzia vita.

#5 – Nyota_ya_Alfajiri

ChujioSafi, si rahisi zaidi kuchemsha? Chemsha flajelini 100 °C dakika 10, ichome kundi lingine la wanyama. Kama lililochemshwa halijibu, basi ni protini iliyokuwa ikifanya kazi, si LPS. LPS haifi kwa kuchemka.

#6 – ChujioSafi

Kwa protini nyingi wazo lako ni sahihi. Kwa flajelini linakugeuka. Inajikunjua ikipashwa moto na inajikunja tena ikipoa, na iliyochemshwa bado inaweza kuwasha TLR5. Utaona kundi la "iliyochemshwa" linajibu, utahitimisha kwamba yote ilikuwa LPS, na utakuwa umeitupa protini nzuri.

Kata kwa proteinasi K, kimeng'enya kinachokata protini, badala yake. Proteinasi K inaimaliza flajelini na haigusi LPS. Kiue kimeng'enya chenyewe kabla hujaendelea. Upande wa pili tia polimiksini B kwenye jaribio la seli: inaishika LPS na inaiacha flajelini. Majibu mawili yakikubaliana, unalala usingizi.

Bora kuliko yote ni seli zenye TLR5 peke yake zinazotoa rangi zikiwashwa, sambamba na seli mama zisizo na TLR5. Kila toleo jipya lipitie hapo. Picha ya jeli inakuambia protini ipo. Haikuambii kwamba inafanya kazi.

#7 – Mbiu_ya_Mgambo

Na kwenye hizo seli utagundua kosa jingine: flajelini iliyoungana kuwa nyuzi haishiki TLR5 vizuri, kwa sababu mahali pa kushikwa kwenye D1 panafichwa ndani ya uzi. Wanaovuna mikia kutoka kwa Salmonella kwa kuikwangua wanapaswa kuivunja kwanza iwe moja moja. Ama pasha 70 °C dakika 15–20, ama shusha pH hadi 2 kwa HCl, nusu saa, kisha rudisha kwa NaOH.

Pia iliyokaa kwenye friji ikiwa nzito, miligramu kadhaa kwa ml, inaweza kuanza kuungana tena. Kabla ya kuchanganya chanjo ipashe moto tena kidogo, ipoze, ndipo utie.

#8 – Pembe_Tatu

Hapo kwenye pH 2 simameni kidogo, maana ni hatari kwa watu wa miguu na midomo.

Chembe nzima ya virusi hivyo, ile ya 146S, ndiyo inayoleta kinga. Ikishuka chini ya pH 6.5 inasambaratika kuwa vipande vya 12S, na vipande hivyo kwa chanjo ni karibu sawa na maji. Sasa mtu ameivunja flajelini kwa asidi, amesawazisha "kwa macho", anaimimina kwenye antijeni. Tone la pH 4 linapogusa antijeni kabla halijachanganyika linavunja chembe palepale, hata kama kipimo cha mwisho kitaonyesha 7.6. Dayalisisi ya bafa (maji yanayoshikilia pH) ile ile ya antijeni, kisha pima pH, kisha ndipo uchanganye. Moto nao vivyo hivyo: flajelini iliyotoka 70 °C ipoe kabisa kwanza. Chembe ya 146S haivumilii 56 °C.

Mengine matatu ya bafa:

Fomalini iliyobaki kwenye antijeni itaunganisha laizini (aina ya asidi amino) za flajelini au za LTB na kuzifunga. Antijeni iliyouawa kwa BEI (kemikali nyingine ya kuua virusi) na kumaliziwa na thaiosalfeti ya sodiamu haina tatizo hilo. Thiomersali kama kihifadhi inajulikana kuvunja 146S ya aina O, kwa hiyo ukiona chanjo imeshuka nguvu usikimbilie kuilaumu ajuvanti. Na fosfati: ukitumia alumini haidroksaidi, fosfati inabadilisha uso wake na protini haishiki inavyotakiwa.

#9 – Nyota_ya_Alfajiri

Kwa hiyo flajelini na alumini zinaendana au haziendani?

#10 – Pembe_Tatu

Zinashikana sana, ndiyo shida. Alumini haidroksaidi ina chaji chanya kwenye pH ya 7, flajelini ina chaji hasi. Zikikutana inaganda juu ya chembe za alumini. Antijeni kugandia ni sawa. Ajuvanti inayotakiwa kuelea ikashike TLR5 kugandia si lazima iwe sawa.

Usibishane kwa nadharia, pima. Changanya, zungusha saa moja, sentrifuji 1,000 g dakika 10, pima protini kwenye maji ya juu kwa BCA. Kama 95% imebaki kwenye mashapo, chukua mashapo hayo hayo uyapeleke kwenye seli za TLR5. Zikiwaka, endelea. Zisipowaka, tenganisha: gandisha antijeni kwanza, ijaze alumini, tia flajelini mwisho.

#11 – Kondoo_Mweupe

Rudini kwa LTB. Ya pua kwa ndama na nguruwe wadogo ingeturahisishia sana, hakuna sindano.

#12 – Mbiu_ya_Mgambo

Sawa, ila tutofautishe. Sumu kamili, LT au CT, ina sehemu A inayopandisha cAMP (kijumbe cha kemikali) ndani ya seli mpaka maji yanamwagika utumboni. Ni ajuvanti kali mno na haifai kutumiwa ilivyo. Ndiyo maana kuna zilizobadilishwa: LTK63 imezimwa kabisa, LTR72 imebakizwa makali kidogo, dmLT ina mabadiliko mawili, R192G na L211A. LTB tupu haina A kabisa. Ni salama zaidi na dhaifu zaidi.

Njia ya pua ina historia yake. Chanjo ya mafua ya binadamu yenye LT ilitumika Uswisi msimu wa 2000–2001, ikaonekana watu wanapooza upande mmoja wa uso, ikaondolewa. GM1 iko kwa wingi kwenye neva, na pua iko jirani na ubongo. Kwa mifugo, ukienda njia ya pua angalia uso, masikio na kope za mnyama kila siku, si joto tu. Mimi ningependa mdomo kuliko pua.

Ubora wa LTB ni duara la vitano, basi. Kipimo chake ni rahisi mpaka unashangaa watu wanakiruka: pakia jeli ya SDS-PAGE (inayopanga protini kwa uzito) visima viwili, kimoja sampuli isiyochemshwa, kingine iliyochemshwa. Isiyochemshwa ikae juu, kati ya 45 na 60 kDa. Iliyochemshwa ishuke karibu 12. Vyote viwili vikiwa chini, huna LTB, una vipande. Thibitisha kwa ELISA ya sahani iliyopakwa GM1. Sababu ya kawaida ya kukosa duara ni kuizalisha ndani ya sitoplazimu: kila kipande kina kifungo kimoja cha salfa ambacho hakifungiki vizuri humo. Ipeleke periplazimu (nafasi kati ya tando mbili za bakteria) kwa kipande cha kuongozea, kisha isafishe kwa resini yenye galaktosi.

#13 – Mama_Sahani96

Kabla hamjachanja nguruwe: watoto wa majike waliochanjwa dhidi ya kuhara kwa E. coli hunyonya kingamwili za LTB kwenye maziwa ya kwanza, kwa sababu chanjo nyingi za majike hao zina LTB ndani. Kingamwili hizo zinaikamata ajuvanti kabla haijashika GM1. Pima seramu ya siku ya 0 dhidi ya ajuvanti yenyewe, si dhidi ya virusi tu.

Kuku nao wana lao. Baadhi ya vipimo vya kufuatilia Salmonella Enteritidis vinatafuta kingamwili za flajelini yake. Ukitumia FliC ya Enteritidis, kundi zima linaweza kusomeka lina Salmonella ilhali halina. Tumia ya aina nyingine, na hata hivyo ipitishe seramu yako kwenye kipimo hicho kabla ya jambo lolote kubwa. Kwa miguu na midomo hofu ni ndogo: kutofautisha aliyechanjwa na aliyeugua kunategemea kingamwili za 3ABC, protini ya virusi vinavyozaliana, na flajelini haifanani nayo.

#14 – Pembe_Tatu

Mama_Sahani96 tusaidie na mpangilio wa jaribio. Wengi wanaweka makundi mawili tu, na ajuvanti na bila.

#15 – Mama_Sahani96

Makundi mawili hayajibu swali. Ninayoona ni ya chini kabisa: antijeni tupu, antijeni na flajelini, antijeni na flajelini iliyokatwa na proteinasi K, antijeni na mafuta ya kawaida, flajelini bila antijeni. Kundi la tatu ndilo watu hulifuta kuokoa pesa, na ndilo linalokuambia kama ulichochoma kilikuwa flajelini au uchafu.

Idadi. Kwa kingamwili za kuzuia virusi kwa log10, kanuni ya haraka ni wanyama 16 × (mtawanyiko ÷ tofauti unayotaka kuiona)² kwa kila kundi. Mtawanyiko ukiwa 0.4 na unataka kuona ongezeko la mara nne, yaani 0.6, unapata 7.1, weka 8. Ukitaka kuona ongezeko la mara mbili tu, 0.3, ni 28 na zaidi. Wanaotumia wanyama 5 na kutafuta ongezeko la mara mbili wanacheza kamari.

Dozi ya antijeni. HAPA ndipo ajuvanti nyingi nzuri hufa bila kosa. Ukitumia dozi kamili ya antijeni, kundi la antijeni tupu tayari linakaribia dari, na hakuna ajuvanti itakayoonekana juu ya dari. Shusha antijeni: kamili, robo, moja ya kumi na sita. Ajuvanti inajionyesha kwenye robo.

Lakini angalieni namna ya kushusha. Kwenye jaribio la PD50 (dozi inayolinda nusu ya wanyama) la miguu na midomo kawaida unachoma ujazo mdogo: 2 ml, 0.5 ml, 0.2 ml, angalau ng'ombe watano kila ngazi, na wawili wasiochanjwa. Ukifanya hivyo unaishusha ajuvanti pamoja na antijeni. Inafaa kupima nguvu ya chanjo iliyokamilika. Haifai kupima kama ajuvanti inaokoa antijeni. Kwa swali hilo tengeneza chanjo tatu tofauti, ujazo ule ule, ajuvanti ile ile, antijeni tofauti.

Dozi ya flajelini nayo ipangeni ngazi tatu, kwa mfano 10, 50 na 200 µg kwa nguruwe au ng'ombe. Nyingi zaidi si bora zaidi. Ikizidi, mwili unaanza kuipiga vita flajelini yenyewe na joto linapanda. Kwa ng'ombe, kabla ya kuchoma, weka seli za damu zao na flajelini saa 24 upime IL-8 (ishara ya kinga inayotolewa na seli). TLR5 ya kila mnyama haijibu sawa, na kipimo kilichofanya ajabu kwa panya hakikuahidi kitu kwa ng'ombe.

Damu siku ya 0, 7, 14, 21, nyongeza siku ya 21 au 28, kisha kila wiki kwa wiki nne. Joto la njia ya haja kubwa saa 0, 6, 24, 48. Pima uvimbe kwa kalipa, si kwa kidole. Kwa ng'ombe tenganisha IgG1 na IgG2 (aina mbili za kingamwili), na weka kipimo cha IFN-γ (ishara ya mwitikio wa seli) ya damu nzima. ELISA pekee isikudanganye: kingamwili zinaweza kupanda sana bila kuzuia virusi.

#16 – Kondoo_Mweupe

Na kuichanganya flajelini kwenye chanjo hai, mfano ya sotoka ya mbuzi na kondoo au ya mapele ngozi? Si ingezidi kuwa kali?

#17 – Mbiu_ya_Mgambo

Usifanye. Chanjo hai inategemea virusi vyake vizaliane kidogo ndani ya mnyama. Ukiwasha kinga ya kwanza mapema unaweza kuvizima kabla havijafanya kazi, na umelipia ajuvanti ili ushushe kinga.

Kuna pia virusi ambavyo ajuvanti haitaviokoa. Homa ya nguruwe ya Afrika ndiyo mfano. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi ya Ujerumani iliyotia ajuvanti za kisasa kwenye virusi vya homa hiyo vilivyouawa: kingamwili zilitoka, nguruwe hawakulindika. Kama antijeni haina kile kinacholinda, mbiu italia watu waje wakute hakuna jambo.

#18 – Nyota_ya_Alfajiri

La mwisho kwangu, uhifadhi. Natengeneza toleo moja la miezi sita.

#19 – ChujioSafi

Flajelini tupu: gawa kwenye vichupa vya dozi moja ya kazi, –80 °C, yeyusha mara moja tu, kilichobaki tupa. Pasha moto kama alivyosema Mbiu, kisha rudia kipimo cha seli cha TLR5 kwa kichupa kimoja kila mwezi. LTB inakaa vizuri ikikaushwa kwa baridi na sukari ya trehalosi. Ukishaiyeyusha, rudia jeli ya visima viwili.

Ikishaingia kwenye alumini, 2–8 °C, na isigande kamwe. Alumini iliyoganda inavunjika kuwa mabonge, ukitikisa chupa na kuisimamisha inatua haraka na maji ya juu yanakuwa maangavu kama kioo cha dirisha. Weka chupa ya kulinganisha ambayo haijaganda pembeni, zitikise zote mbili pamoja, uziangalie kwa dakika 15. Inayotua kwanza haichomwi.

#20 – Nyota_ya_Alfajiri

Imeeleweka. Naanza na kundi la proteinasi K, maana ndilo nililokuwa nimelifuta.